Maisha ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, Mwombaji wa Wagonjwa

Katika sharika zetu za Iramba, Isanzu na Unyaturu watu huleta mtama, uwele, alizeti na kuku baada ya mavuno, na sehemu ya vitu hivyo hutengwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali. Tena baada ya ibada, chini ya mti, hulizwa swali lile lile kwa sauti ya chini, kama vitu hivyo vyawafikia wagonjwa kweli, na kama yuko mtu aandikaye daftari. Swali hilo si dhambi. Mimi mwenyewe nilipokuwa mchungaji kijana nalikabidhiwa mfuko mdogo wa kununulia wagonjwa mablanketi. Sikuiba hata senti moja, walakini kwa muda wa miezi mitatu sikuandika kitu, na siku nilipotakiwa kusoma hesabu mbele ya wazee nalisimama kama mwanafunzi asiyejua somo lake. Hakuna aliyenigombeza. Watu waliacha kutoa, basi. Tangu siku ile nimependa kusoma habari za watu waliotunza fedha za wagonjwa, na katika hao wote nampenda zaidi mzee mmoja wa Ujerumani, ambaye hakufika Afrika hata siku moja, lakini kazi yake imefika katika milima ya Usambara na ingalipo hata leo.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika nyumba ya ukoo wake iitwayo Haus Mark, karibu na mji wa Tecklenburg, katika jimbo la Westfalia lililokuwa la ufalme wa Prusia. Hakuzaliwa maskini. Baba yake, Ernst von Bodelschwingh, alikuwa waziri wa fedha wa mfalme tangu 1842 hata 1844, kisha akawa waziri wa mambo ya ndani mpaka machafuko ya 1848 yalipomwondoa. Kwa sababu hiyo mtoto alikaa Berlin siku za utoto wake, akachaguliwa kuwa mwenzake katika michezo mwana wa kifalme, yule aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich mwaka 1888 na kufa mwaka ule ule. Fikirini jambo hili: mtu ambaye baba yake alishika funguo za hazina ya ufalme mzima alitumia uzee wake kuomba fenigi, yaani senti ya Kijerumani, kutoka kwa wajakazi na watoto wa shule.

Kwanza hakuwa na nia ya uchungaji. Alijifunza kazi ya mashamba, akawa msimamizi wa shamba kubwa la bwana mmoja huko Gramenz, katika nchi ya Pomerania. Huko aliwaona vibarua wasio na ardhi yao wenyewe, waliolima mali ya mwingine toka asubuhi hata jioni na kutafuta faraja katika pombe. Alikuwa na desturi ya kuwagawia watoto wa vibarua vijitabu vidogo vya misioni. Siku moja alikisoma mwenyewe kimojawapo, habari ya mtoto maskini wa Kichina, kikamchoma moyo. Mwaka 1854, mwaka uliokufa baba yake, aliacha mashamba akaenda kujifunza elimu ya Mungu katika Basel, halafu Erlangen na Berlin. Shabaha yake ilikuwa kwenda ng'ambo kuwa mmisionari. Haikuwa hivyo, na kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini tamaa ile ilikaa kama mbegu katika ghala.

Mwaka 1858 alitumwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Msidhani alikwenda kuhubiri katika kanisa la fahari. Wakati ule maelfu ya Wajerumani maskini walikuwa wamehamia Paris kutafuta riziki, na wengi wao walikuwa wafagiaji wa barabara. Walitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, watoto wao wakabaki bila shule na bila mtu wa kuwaangalia. Bodelschwingh alipanga mahali pa kukaa upande wa La Villette, akaanza kufundisha watoto wachache tu. Kisha akataka shule, kisha kanisa juu ya kilima, na fedha hakuwa nazo. Ndipo alipojifunza kazi ambayo baadaye ilimpa jina. Alisafiri katika miji na vijiji vya Ujerumani akieleza habari za wale wafagiaji, naye aliandika gazeti dogo ili waliotoa wajue fedha yao imefanya nini. Aligundua ya kuwa gazeti ni mfuko: mtu akisoma leo habari ya mtoto mmoja aliyejua kusoma, kesho atatoa tena bila kuombwa.

Katika 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake mwenyewe. Mama huyu astahili kutajwa, kwa kuwa vitabu vingi humpita haraka. Baada ya kuzaa mtoto wao wa kwanza huko Paris alishikwa na huzuni nzito isiyo na sababu ionekanayo, ugonjwa wa moyo na akili ambao siku zile watu waliuficha kama aibu. Kwa ajili yake waliondoka Paris mwaka 1864, Bodelschwingh akawa mchungaji wa usharika wa shambani, Dellwig, karibu na mji wa Unna. Alipokuja baadaye kuwapokea wagonjwa wa akili katika nyumba zake, hakuwa mtu aliyesikia habari zao kwa mbali. Alikuwa amekaa nao mezani.

Katika Dellwig walipata watoto wengine, wakawa wanne. Mwezi Januari 1869 kifaduro kiliingia nyumbani, na kwa muda wa majuma mawili tu watoto wote wanne walikufa, mmoja baada ya mwingine. Nyumba ikawa kimya. Mimi nimewazika watoto wengi katika kazi yangu, nami sina neno la kuongeza hapa. Wenyewe walipewa baadaye watoto wengine wanne, na wa mwisho wao, aliyezaliwa 1877 na kuitwa Friedrich kama baba yake, tutamkuta tena mwishoni mwa habari hii. Lakini wote waliomjua Bodelschwingh walishuhudia ya kuwa tangu Januari ile hakuweza tena kupita mbele ya mtu mwenye maumivu kama mtu apitaye mbele ya jiwe.

Sasa tufike kwenye hospitali yenyewe. Mwaka 1867 wakristo wachache wa Westfalia na Rhein walikuwa wameunda chama kidogo cha kuwasaidia wenye kifafa. Walinunua nyumba ya mkulima karibu na mji wa Bielefeld, wakaweka humo wagonjwa wachache. Waliohangaikia kazi hiyo walikuwa wachungaji pamoja na wafanya biashara wa Bielefeld, watu wenye moyo mwema lakini kila mmoja mwenye shughuli zake. Miaka miwili baadaye, 1869, ilianzishwa nyumba ya dada wauguzi, iliyoitwa Sarepta. Basi kulikuwa na nyumba mbili, halmashauri zenye mashaka, fedha kidogo, na hapakuwa na mtu mmoja wa kuyabeba yote. Mwaka 1872 walimwita Bodelschwingh.

Twajua sisi ugonjwa wa kifafa. Katika vijiji vyetu mpaka leo wako watu wasiothubutu kumshika mgonjwa aliyeanguka, wakidhani povu la mdomo laambukiza, na kwa hiyo twaona watoto wenye makovu ya moto kwa kuwa walianguka jikoni na mkono wa kuwavuta haukuwapo. Ulaya ya siku zile haikuwa na akili zaidi. Dawa hazikufaa sana, shule hazikuwapokea, mabwana hawakuwapa kazi. Mtu mwenye kifafa alikuwa kinywa cha kulishwa tu. Bodelschwingh aliona ya kuwa ugonjwa wenyewe ni nusu ya taabu, na nusu ya pili ni kukaa bure bila kuhitajiwa na mtu. Kwa hiyo nyumba zilipoongezeka, naye aliziita majina ya Biblia, kama vile Betheli na Nazareti, aliweka kando ya kila nyumba mahali pa kazi. Mmoja alioka mikate, mwingine alichonga mbao, mwingine alilima bustani, mwingine alishona viatu. Wale wagonjwa walijenga mji wao wenyewe. Jina la Betheli likaenea juu ya kilima chote, na hata leo mahali pale paitwa hivyo.

Alisisitiza tena ya kuwa nyumba ya dada wa Sarepta isikae mbali mjini, bali iwe pale pale karibu na wagonjwa, ili binti ajifunzaye uuguzi asikie usiku mtu akianguka. Mwaka 1877 iliongezwa nyumba ya mashemasi wanaume, Nazareti. Hivyo alipata watumishi ambao hawakuajiriwa kwa mshahara mkubwa, bali walipewa chakula, mavazi, kazi na ahadi ya kutunzwa katika uzee wao. Kwa hesabu ya fedha hili lilikuwa jambo kubwa kuliko sadaka zote, kwa maana mishahara ndiyo ilayo hazina ya hospitali kwanza. Nasema wazi ya kuwa wengi wa wale dada walichoka mapema, na mzigo ulikuwa mzito mno mabegani mwa wanawake. Hospitali iliyojengwa kwa watumishi wa malipo kidogo yapasa kukumbuka ni nani aliyelipa tofauti.

Walakini watumishi hawanunui chokaa wala unga. Fedha ilitoka wapi? Wako matajiri waliotoa, na wafalme pia. Yule rafiki wa utotoni alimsaidia zaidi ya mara moja. Lakini Bodelschwingh hakupenda kuegemea tajiri mmoja, kwa kuwa tajiri akifa au akikasirika nyumba yaanguka. Alipenda fenigi. Vilikuwako vyama vidogo vya fenigi: mtu mmoja aliwakusanya jirani zake, na kila mmoja alitoa fenigi moja kwa juma. Fenigi mia ni marki moja. Mtu mmoja basi alitoa fenigi hamsini na mbili kwa mwaka, kama nusu ya marki, kitu ambacho hata mjakazi aliweza bila kulala njaa. Lakini watu elfu ni marki 520, na watu elfu mia ni marki 52,000, na kati yao hakuna awezaye kusema hospitali ni yake peke yake. Hata hospitali zetu hapa Singida, kama Iambi na Kiomboi, zilianzishwa na misioni ya Augustana kwa sadaka za namna hiyo hiyo, sadaka za sharika za wakulima wa Marekani ambao wazee wao walihama Uswidi.

Mnamo 1888 alianza kuomba stempu za barua zilizokwisha kutumika. Watu walizikata katika bahasha wakazituma Betheli, na wagonjwa wasioweza kazi nzito walikaa mezani wakizichambua, nazo zikauzwa kwa watu wanaopenda kuzikusanya. Mwaka 1890 alianza kukusanya vitu vikuukuu: nguo, viatu, vyombo, vitu ambavyo nyumba nyingi zaviacha kuozea pembeni. Aliita kazi hiyo kwa jina la vipande vya mikate vilivyosalia katika Injili ya Yohana, mlango wa sita. Viatu vilivyotoboka vilishonwa na wagonjwa, vikavaliwa na maskini, na vingine vikauzwa. Tazameni jinsi alivyofanya: hakuomba kwa watu kile walichokihitaji, aliomba kile walichokuwa wakikitupa, na mikono iliyokitengeneza ilikuwa mikono ambayo dunia ilisema haina kazi. Hapo mgonjwa naye akawa mtoaji.

Jambo la tatu ni shukrani, nami nakaa hapa kidogo kwa sababu ya mablanketi yangu. Kila kilichofika Betheli, kikubwa au kidogo, kiliandikwa, na aliyekituma alijibiwa. Palikuwa na ofisi iliyowekwa kwa kazi hiyo tu, nayo iliitwa Mahali pa Shukrani. Haikuitwa ofisi ya fedha. Mjane aliyetuma fenigi chache alipata barua kama yule bwana aliyetuma marki elfu. Stakabadhi yasema fedha imefika; barua ya shukrani yasema imefika kwa nani. Tangu 1894 lilikuwako pia gazeti dogo la Betheli, lililoeleza habari za wagonjwa kwa maneno mepesi. Mwaka 1908 Betheli ilianza hata kutoa noti zake, zilizokubaliwa katika maduka ya pale tu, ili fedha ya mahali pale izunguke mahali pale. Noti hizo zimeendelea kutolewa baada yake.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika sifa, sikuandika maisha. Bodelschwingh alikuwa na kosa, na kosa lake lilitoka mahali pale pale ilipotoka nguvu yake. Hakuweza kumfukuza mtu mlangoni. Mgonjwa akifika na nafasi hakuna, alipokelewa, kisha nyumba ikajengwa, kisha fedha ikatafutwa. Wenzake wa halmashauri, ambao wengi walikuwa watu wa biashara, waliona madeni yakitangulia sadaka, wakaogopa, nao hawakuogopa bure. Mara nyingi fedha ilikuja, kwa hiyo twamwita mtu wa imani. Ingalikosa kuja, tungalimwita kwa jina jingine. Tena mambo mengi mno yalining'inia juu ya mtu mmoja, juu ya macho yake, barua zake na sauti yake. Mwenye hospitali ndogo asiige jambo hili kwa haraka akidhani anaiga imani. Bodelschwingh alikuwa na maelfu ya watoaji walioandikwa daftarini kabla hajaweka jiwe, hata kama fedha yao haijafika bado.

Nitapita upesi juu ya kazi yake kwa watu wasio na kazi, waliotangatanga barabarani wakiomba. Mwaka 1882 aliwajengea Wilhelmsdorf, katika nchi ya mchanga karibu na Bielefeld, wapate kulima na kulipwa kabla ya kupewa kitu cha bure. Mwaka 1905 alianza kazi kama hiyo karibu na Berlin, mahali paitwapo Hoffnungstal, na hapo aliagiza kila mtu apewe chumba chake kidogo, kwa maana mtu alalaye katika kundi la mamia kila usiku husahau ya kuwa ni mtu. Mwaka 1903 aliingia hata katika Baraza la Prusia, mzee wa miaka sabini na miwili, ili sheria ya watu hao ipatikane. Nayo ilipatikana 1907.

Katika mwaka 1890 ile mbegu ya ghalani ilipata mvua. Miaka minne kabla, 1886, kilikuwa kimeundwa chama kimoja huko Berlin cha misioni katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Na tuseme kweli juu yake. Kati ya waliokianzisha alikuwako Karl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Chama kilitaka kuhubiri Injili, na kilitaka pia kuwauguza Wajerumani waliougua homa pwani. Kilianza kazi ya uuguzi Unguja, kikaanza na Dar es Salaam mwaka 1887; lakini fedha ilikuwa kidogo, wauguzi hawakukaa, wakubwa walishindana, na vita ya Abushiri ya 1888 na 1889 ikavuruga yaliyosalia. Hapo kulikuwa na chama cha hospitali chenye kila ugonjwa ambao chama cha hospitali chaweza kuupata: wakuu wasiopatana, mfuko mtupu, na shabaha mbili zinazovutana, yaani kuitumikia bendera au kumtumikia mgonjwa.

Wakubwa wa chama waliomba wauguzi kwa Bodelschwingh. Naye akawapa. Kutoka Sarepta na Nazareti walitumwa dada na mashemasi, na yeye mwenyewe akaingia katika halmashauri ya chama. Tangu hapo chama kilibadilika polepole. Aliyetoa watumishi na fedha alipata pia sauti, na sauti hiyo ilivuta kazi kutoka kwenye magati ya pwani kwenda kwa watu wenyeji. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walipanda Usambara wakaanza kazi ya Mlalo. Baadaye zikafuata Vuga na Bumbuli. Wasomaji wazee wanalijua jina la Vuga kwa sababu ya vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa pale.

Lakini jambo nilistaajabialo zaidi ni yale waliyokubali kuyaacha. Serikali ya Kijerumani ilijenga hospitali yake kubwa ufuoni mwa Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1897, na chama hakikung'ang'ania kushindana nayo. Mwaka 1903 chama kilikabidhi kazi yake yote ya Uzaramo, pamoja na Kisarawe na Maneromango, kwa Misioni ya Berlin iliyokuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1906 makao yake yalihamishwa kutoka Berlin kwenda Betheli, na hivyo twaita mpaka leo Misioni ya Betheli. Ni vigumu kwa halmashauri yo yote kukiri ya kwamba jambo hili hatuliwezi, na tumpe mwingine funguo. Bodelschwingh, ambaye nyumbani kwake hakuweza kumkataa mtu, huku aliweza kuacha nchi nzima ili Usambara isife njaa.

Katika Usambara hiyo kuna kilima kiitwacho Lutindi. Chama kingine kidogo cha Kikristo cha Ujerumani kilianza nyumba pale mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na watumishi wake walitoka Betheli. Watoto wale walikua, na biashara ya watumwa ilipokwisha hawakuja wengine. Nyumba zilibaki na nafasi. Hapo ndipo vyama vingi hukosea: fedha yaendelea kuombwa kwa ajili ya kazi iliyokwisha, kwa sababu watoaji wameizoea picha ya mtoto. Lutindi haikufanya hivyo. Mwaka 1904 ilipokea wagonjwa wa akili. Kabla ya hapo mtu mwenye wazimu alifungwa kamba nyumbani, au alitupwa gerezani pamoja na wezi, au aliachwa porini. Katika Lutindi alipewa kitanda, jembe na jina lake, kama vile wenye kifafa walivyopewa Betheli. Mwaka ule ule wa 1904 serikali iligawa rupia kuwa heller mia, ndiyo maana mpaka leo twaita fedha yetu hela. Na sadaka za Ujerumani zilifika Usambara zikiwa fenigi, zikatumika zikiwa hela.

Ida alikuwa amekufa Desemba 1894. Hakuiona Lutindi ikipokea wagonjwa waliougua akilini kama yeye mwenyewe alivyougua zamani. Mzee aliendelea, ndevu nyeupe, mwili ukidhoofika. Mwaka 1905 alifungua shule ya wachungaji pale pale katikati ya wagonjwa, kwa kuwa aliona ya kuwa mwanafunzi wa elimu ya Mungu apaswa kusukuma kiti cha kilema kabla ya kupanda mimbarani. Kiharusi kilimpata, naye akafa tarehe 2 Aprili 1910 akiwa na miaka sabini na tisa, akazikwa Betheli.

Watu waliuliza kama kazi itakufa pamoja naye, na kwa hayo niliyosema juu ya mambo kuning'inia juu ya mtu mmoja, walikuwa na haki kuuliza. Uongozi ulimwangukia yule mwana wa mwisho, Friedrich, naye akaushika mpaka alipokufa 1946. Alipitia vita kuu mbili. Katika 1940 serikali ya Hitler ilipotaka orodha za wagonjwa wa vichwa ili iwaue kwa siri, akihesabu kama mfanya biashara ya kuwa wanakula bila faida, yeye pamoja na wenzake alishindana nayo. Wengi wa Betheli waliokoka, ingawa si wote; wagonjwa Wayahudi waliondolewa, wakauawa. Hata katika siku hizo za giza swali lilikuwa lile la baba yake, kama mgonjwa ni hasara iliyoandikwa daftarini au ni mtu.

Misioni ilipoteza wamisionari wake wa Kijerumani katika vita zile mbili, na fedha ya Ulaya ikakatika. Lutindi ilibaki. Leo iko mikononi mwa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa wa akili wangali wakipandishwa kilima kile na jamaa zao wakitoka mbali. Na huko Betheli, katika chumba chenye meza ndefu, wako watu wenye ulemavu wanaokaa mpaka sasa wakichambua stempu zinazofika kwa magunia, kila moja imekatwa katika bahasha na mtu ambaye hawamjui.